Uchumba wa Bandia na Mahali pa Kazi: Uhakiki wa Riwaya za Mapenzi za Hoki ya Barafu

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Methali hii inachukulia kwamba mapenzi yapo kwanza, na kwamba taabu ya wapendanao ni kuyaficha mbele za watu. Riwaya tunazokusudia kuzihakiki katika makala haya zimeigeuza methali hiyo juu chini. Ndani yake watu wawili wasiopendana hupatana kukohoa hadharani kwa makusudi, mpaka siku moja wanatambua kwamba kifua kimeshika kweli.

Riwaya hizi ni tawi moja la fasihi pendwa ya Kanada na Marekani, na mandhari yake ni mchezo wa hoki. Msomaji wa Kenya anaposikia neno hoki huwaza mpira wa magongo unaochezwa majanini, mchezo ambao timu yetu ya taifa iliwahi kushika nafasi ya 4 katika mashindano ya Kombe la Dunia huko Barcelona mwaka 1971. Hoki inayohusika hapa ni ya barafu. Wachezaji 6 wa kila upande, kipa akiwa mmojawapo, huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye vyuma vikali na kugombania kisahani cheusi cha mpira kwa magongo marefu. Huko Amerika ya Kaskazini mchezo huu ni ajira kamili na biashara kubwa. Ligi ya Taifa ya Hoki, yaani NHL, iliundwa Montreal mwaka 1917. Tangu mwaka 2021 imekuwa na timu 32, na 7 kati ya hizo ziko Kanada. Kwetu mchezo wenyewe si mgeni kabisa: uwanja mdogo wa barafu ulifunguliwa hotelini Nairobi mwaka 2005, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Hata hivyo, tutakayoyajadili ni ya Kanada na Marekani, na tutayaacha huko huko yaliko.

Tutaziangalia hasa riwaya tatu. Ya kwanza ni The Deal ya Elle Kennedy (2015), ambayo wahusika wake ni wanafunzi wa chuo kikuu. Ya pili ni The Fake Out ya Stephanie Archer, iliyomo katika mfululizo wa hadithi za timu ya kubuni ya Vancouver Storm. Ya tatu ni Heated Rivalry ya Rachel Reid (2019), ambayo mwaka 2025 ilitengenezewa mchezo wa televisheni nchini Kanada. Waandishi wote watatu ni Wakanada. Jambo hili si la kushangaza, kwani Kanada ni nyumbani kwa hoki ya barafu, na vilevile ni nyumbani kwa kampuni ya Harlequin iliyoanzishwa Winnipeg mwaka 1949, ambayo mwaka 1971 iliinunua Mills & Boon ya London. Vijitabu vya Mills & Boon vimepita katika mikono ya wasichana wengi wa shule zetu za bweni, aghalabu chini ya blanketi na kwa mwanga wa tochi. Kwa hiyo wengi wetu tunaifahamu asili ya fasihi hii kuliko tunavyopenda kukiri.

Swali tunalouliza ni hili: uwongo wa wapenzi hawa una kazi gani katika riwaya, na nani anayeulipia? Tunadai kwamba ubora wa riwaya ya aina hii haupimwi kwa kuangalia kama uwongo unageuka kuwa kweli. Hilo halina budi kutokea, na msomaji analijua kabla hajafungua kitabu. Kipimo chake ni gharama ya uwongo huo na bega linaloibeba.

Jina na dhana

Kabla ya kuingia katika uchambuzi, yafaa tutatue tatizo la istilahi. Waandishi hawa huongea juu ya mwanamume na mwanamke wanaotoka pamoja, wanaoonekana pamoja, ambao watu wanawahesabu kuwa ni wapenzi ingawa hakuna ahadi yoyote ya ndoa. Kiswahili hakina neno moja lililotulia kwa hali hii. Husemwa kwamba fulani anatembea na fulani, au kwamba wana urafiki, na maneno yote mawili hubeba kivuli cha lawama. Neno la heshima tulilo nalo ni uchumba, lakini uchumba una posa ndani yake, una mshenga, una wazee wa pande mbili waliokaa mkekani. Tumeamua kutumia uchumba wa bandia kwa sababu moja: uchumba, kama anavyouelewa Mswahili, ni jambo la mashahidi. Watu wawili hawawezi kuwa wachumba peke yao chumbani. Lazima wawepo wengine wanaojua.

Hapo ndipo tunapoufikia mzizi wa jambo. Uchumba wa bandia katika riwaya hizi nao ni jambo la mashahidi, ila mashahidi wenyewe wamebadilika. Mahali pa wazee wamekaa mashabiki, waandishi wa habari na wachezaji wenza. Mahali pa mshenga amekaa ofisa wa klabu anayeshughulikia sura ya timu mbele ya umma. Mahari hailipwi, lakini kuna mapato: mwanamume husafishwa jina lake, na mwanamke hupata ulinzi, au kisasi, au nafasi. Jamii imebaki na haki yake ya kushuhudia mapenzi ya watu. Kilichobadilika ni sababu ya kutaka kuyashuhudia.

Fani: mapatano, hadhira na tendo lisilo na shahidi

Msuko wa riwaya hizi una hatua nne ambazo hazikosekani. Hatua ya kwanza ni mapatano. Wahusika huketi na kuweka masharti: tutashikana mikono mahali fulani, hatutafanya jambo fulani, tutaachana tarehe fulani. Hatua ya pili ni maonyesho mbele ya hadhira. Hatua ya tatu ni tendo lisilo na shahidi, yaani pale mmoja anapomtendea mwenzake wema wa kimapenzi wakati hakuna anayetazama. Hatua ya nne ni ufichuzi, ambapo uwongo hujulikana au hukaribia kujulikana, na wapenzi hutengana kwa muda kabla ya kurudiana.

Katika hatua hizi, ya tatu ndiyo kitovu cha fani yote. Msomaji mzoefu huingoja kama msikilizaji wa ngano anavyoingoja sehemu ya wimbo. Busu la mbele ya watu halithibitishi kitu, maana limo katika mapatano. Lakini mwanamume anapoleta chakula usiku kwa mwanamke aliyechoka, na hakuna mwandishi wa habari karibu, mapatano yamevunjwa. Aliyeyavunja amesema kweli bila kutamka neno. Hii ni mbinu nzuri, na haifai kudharauliwa. Waandishi wa mapenzi wa kawaida huhangaika na maneno ya mahaba ambayo yamechakaa kwa kutumiwa. Mwandishi wa uchumba wa bandia amejipatia njia ya kulifanya tendo dogo kabisa liwe na uzito mkubwa, kwa kuwa matendo makubwa yote yamekwisha kutangazwa kuwa ni ya uwongo.

Jambo la pili la kifani ni nafsi ya msimulizi. The Deal na The Fake Out zinasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na sura hupokezana kati ya mwanamke na mwanamume. Matokeo yake ni kinaya cha kudumu. Msomaji anajua kwamba Garrett anampenda Hannah kabla Hannah hajajua, na anajua ya Hannah kabla ya Garrett. Taharuki haihusu kama watapendana bali lini watasemezana. Aidha, mbinu hii humpa msomaji cheo ambacho hakuna mhusika aliye nacho: yeye ndiye shahidi pekee asiyedanganywa. Anasomewa taarifa ya kweli juu ya uwongo. Bila shaka hapa ndipo inapotoka sehemu kubwa ya furaha ya wasomaji wa riwaya hizi.

Lakini mbinu hiyo hiyo ina upofu wake. Ikiwa wanaosema ni wawili tu, wale wanaodanganywa hawana sauti. Kocha, mwuguzi, mchezaji wa akiba, dada wa kufua jezi, wazazi waliofurahi bure kwamba mtoto wao amepata mwenzi: hawa wote huonekana kupitia macho ya waongo wawili tunaowapenda. Hatuingii kamwe katika moyo wa aliyedanganywa. Tukumbuke upofu huu, kwani tutauhitaji mbele.

Maudhui: mwili wa mfanyakazi

Kwa nini hoki? Wako wanaosema kwamba ni kwa ajili ya miili ya wachezaji tu, na hatuwezi kukana kwamba miili hiyo inaelezwa kwa kirefu. Hata hivyo tunaona kuna sababu nzito zaidi. Mchezaji wa kulipwa ni mfanyakazi ambaye mwili wake ndio mtaji wa mwajiri wake. Katika msimu wa 2025–26 kila timu ya NHL ilipangiwa michezo 82 kabla hata ya michuano ya mwisho. Mwili unaopita katika kazi hiyo hupimwa, hukandwa, hushonwa, na hurudishwa uwanjani. Isipokuwa mkataba wake una kifungu cha kumkinga, mchezaji anaweza kuhamishiwa mji mwingine kwa mabadilishano ya wachezaji bila kuulizwa. Zaidi ya hayo, mkataba wa kawaida wa NHL humtaka mchezaji aishi kwa uaminifu na maadili ya hali ya juu, ndani na nje ya uwanja, na ajiepushe na mwenendo wowote utakaoidhuru klabu au ligi.

Sharti hili linatufunulia kinaya kikubwa ambacho riwaya hizi zimekijenga, pengine bila kukusudia. Mkataba unadai uaminifu nje ya uwanja, ilhali mwajiri hana njia ya kuupima uaminifu isipokuwa kwa sura. Hivyo mchezaji mwenye sifa mbaya hujitafutia mchumba wa bandia ili aonekane mtu mwaminifu. Uwongo unazaliwa na sharti lenyewe la kusema kweli. Ni vigumu kutoa picha bora zaidi ya kazi katika biashara ya leo, ambapo mfanyakazi hauzi nguvu zake pekee, bali anauza pia tabasamu lake, nyumba yake na watu anaokula nao.

Upande wa pili wa mapatano amesimama mwanamke. Katika The Fake Out, Hazel Hartley ni mtaalamu wa tiba ya viungo aliyeajiriwa na timu ambayo Rory Miller ni nyota wake. Mpenzi wake wa zamani, aliyemtenda vibaya, naye yumo katika timu hiyo hiyo. Hazel hawezi kuepukana naye kwa sababu hawezi kuepukana na kazi yake. Hapa mwandishi amegusa jambo la kweli kabisa. Mwanamke aliyeumizwa na mtu wa mtaani anaweza kubadili njia. Aliyeumizwa na mtu wa kazini hana budi kumsalimu kila asubuhi. Uchumba wa bandia ni silaha ya mtu asiyekuwa na silaha nyingine. Kwa kuonekana na nyota, Hazel anajipatia heshima ambayo ujuzi wake peke yake haukutosha kumpatia. Mwandishi hasemi waziwazi kwamba hii ni aibu ya mahali pa kazi, lakini msuko wake unasema.

Tofauti ya wawili hawa ni kubwa kuliko inavyoonekana. Uwongo ukijulikana, mchezaji atacheka na waandishi wa habari, atafunga bao, na watu watasahau. Mtaalamu wa tiba hayuko hivyo. Huko Kanada wataalamu wa tiba ya viungo husimamiwa na vyombo vya kitaaluma vya kila jimbo, na kanuni zao zinakataza uhusiano wa kimapenzi na mtu ambaye bado anatibiwa na mhusika. Kwa hiyo katika hadithi yoyote ya namna hii, anayeweka rehani riziki yake ni mwanamke. Mapatano yanayoonekana kuwa ya sawa kwa sawa si sawa hata kidogo.

Nani analipa?

Tukishafika hapo, tunaweza kuzipima riwaya zetu kwa kipimo tulichokitaja. Yafaa kwanza tujikumbushe kazi moja ya zamani ambayo ndani yake mapenzi, uwongo na ajira vimekutana. Katika tamthilia ya Kifaransa Les Fausses Confidences ya Marivaux, iliyoigizwa kwanza mwaka 1737, kijana fukara Dorante anaingia katika utumishi wa mjane tajiri Araminte, akiwa msimamizi wa mali yake, kwa hila zilizopangwa na Dubois, aliyekuwa mtumishi wake. Dorante anampenda kweli. Kilicho cha bandia ni mazingira yote yaliyoandaliwa ili Araminte ampende. Lakini kabla ya mwisho Dorante anakiri hila hizo mbele ya Araminte mwenyewe, huku akijua kwamba kwa kukiri anaweza kupoteza kazi na mapenzi kwa pamoja. Aliyedanganya anamwendea aliyedanganywa. Deni linalipwa kwa mwenye deni.

Katika The Deal deni limepangwa kwa ustadi kiasi. Garrett Graham, nahodha wa timu ya chuo, ameanguka katika somo la falsafa ya maadili. Hannah Wells anamfundisha, na malipo yake ni kwamba Garrett aonekane naye hadharani ili kijana mwingine amtamani. Kichekesho cha somo lenyewe hakikosi kuonekana: udanganyifu unalipwa kwa masomo ya maadili. Lakini uwongo mzito wa riwaya hii si huo wa mwanzo. Unakuja baadaye, wakati baba yake Garrett, mchezaji mashuhuri wa zamani na mtu mkatili, anapotumia fedha anazomlipia mwanawe kama kamba ya kuwatenganisha vijana hao. Hannah analazimika kujifanya hampendi tena. Uchumba wa bandia uliwafurahisha. Utengano wa bandia unawavunja. Hapa Kennedy ameonyesha tofauti kati ya uwongo ambao watu wawili huuchagua na uwongo ambao mwenye fedha huwalazimisha. Kwa maoni yetu hii ndiyo sehemu yenye nguvu zaidi katika kitabu chake, na inakipa uzito ambao jalada lake haliuahidi.

The Fake Out inafaulu katika hatua za mwanzo na kulegea inapofikia malipo. Maumivu ya Hazel yanaaminika, na mapenzi yanakua polepole kupitia matendo yasiyo na shahidi. Udhaifu wake ni wa kundi zima la riwaya za kazini: swali la kazi linajibiwa kwa mapenzi. Mandhari ya ajira yalikuwa yameuliza kama mwanamke mwenye ujuzi anaweza kuheshimiwa kazini pasipo mwanamume wa kumsindikiza. Riwaya inajibu kwa kumpa mwanamume mwema zaidi wa kumsindikiza. Jibu hilo linapendeza, lakini ni jibu la swali jingine. Mwajiri ambaye mazingira yake yaliulazimu uwongo haulizwi lolote, naye anabaki mwenyeji wa sherehe.

Heated Rivalry inasimama kando, nayo inatusaidia kuona vizuri zaidi. Hapa mambo yamegeuzwa: kilicho cha bandia ni uadui. Shane Hollander na Ilya Rozanov ni wachezaji wa timu pinzani, na ligi inauza tiketi kwa chuki yao. Kumbe kwa miaka mingi ni wapenzi wa siri, katika mchezo ambao mapenzi ya wanaume wawili yangewagharimu kazi na jina. Methali ya kikohozi inarudi hapa katika hali yake ya asili. Msomaji anaweza kuwa na msimamo wowote juu ya mapenzi ya namna hiyo, na katika nchi yetu misimamo hiyo inajulikana; lakini kwa mhakiki wa msuko jambo moja ni dhahiri. Katika riwaya hii uwongo una bei, na wanaoilipa ni wasemaji wenyewe, kila siku, kwa upweke. Mwandishi hamwachi mwajiri akapita bila kuonekana. Biashara ya ushindani ndiyo inayowafunga midomo. Ndiyo maana ya tatu ina mvutano ambao ya pili haina, ingawa zote mbili ni za fasihi pendwa na zote mbili zina mwisho wa furaha.

Riwaya na watu halisi

Pengine msomaji atasema kwamba tunazitwisha hadithi nyepesi mzigo usiokuwa wao. Matukio ya kweli yanatupa haki ya kufanya hivyo. Mnamo mwaka 2021 uchunguzi wa wanasheria wa kujitegemea ulibainisha kwamba viongozi wa Chicago Blackhawks, mwaka 2010, walipokuwa wakikaribia kutwaa kombe, hawakuchukua hatua ya haraka juu ya malalamiko ya mchezaji aliyedai kudhulumiwa kingono na kocha wa video. Ligi iliitoza klabu faini ya dola milioni 2. Tunalitaja tukio hili kwa sababu moja tu: linathibitisha kwamba katika mchezo huu sura ya timu imewahi kuthaminiwa kuliko mtu aliyeumia ndani yake. Riwaya inayoweka mapenzi katika chumba hicho hicho cha kubadilishia nguo imeingia, ipende isipende, katika nyumba yenye historia.

Tukio la pili linahusu wasomaji wenyewe. Mwaka 2023 klabu ya Seattle Kraken, kupitia mtandao wa TikTok, iliwavuta wasomaji wa riwaya za mapenzi za hoki kwa kuwaonyesha wachezaji wake kana kwamba ni mashujaa wa vitabu hivyo. Baadhi ya wasomaji wakavuka mpaka, wakaandika juu ya mchezaji mmoja maneno ya tamaa ambayo mtu hawezi kuyatamka mbele ya mkewe. Mke huyo alilalamika hadharani, mchezaji naye akamwunga mkono, na klabu ikaanza kuondoa yale iliyokuwa imeyaweka. Tuangalie nani alifanya nini. Mwajiri aliikopesha sura ya mfanyakazi wake kwa hadithi ya mapenzi ambayo mfanyakazi hakuiingia. Huo ulikuwa uchumba wa bandia uliofungwa na mshenga peke yake, bila bwana harusi kujua. Fedheha ilipokuja ilimwangukia mke, na baadhi ya watu wakamlaumu yeye kwa kusema.

Huu ndio ushahidi wetu mkubwa kwamba swali la nani analipa si la kubuni. Riwaya imemzoeza msomaji kuwa shahidi asiyedanganywa, mwenye haki ya kuingia katika chumba cha ndani cha mhusika. Msomaji akihama na haki hiyo kutoka kitabuni hadi kwa mtu aliye hai, riwaya haiwezi kusema kwamba haihusiki kabisa. Na mwajiri aliyemfungulia mlango anahusika zaidi.

Sisi na fasihi pendwa

Yamkini mwalimu wa fasihi ya Kiswahili atauliza haya yanatuhusu nini. Tunajibu kwamba mjadala huu ni wa kwetu tangu zamani. David Maillu alipotoa After 4.30 mwaka 1974, kazi inayohusu mpiga chapa na bosi wake katika ofisi za Nairobi, wahakiki wengi waliitupa kapuni kwa sababu ya ukavu wa lugha yake. Wachache waliona kwamba Maillu alikuwa amegusa jambo ambalo fasihi yenye heshima ilikuwa ikilipita: kwamba kwa mwanamke wa mjini saa za kazi na saa za mapenzi zilikuwa zimeshikwa na mkono mmoja. Katika Kiswahili, Mohamed Suleiman Mohamed naye katika Kiu (1972) alionyesha jinsi mapenzi ya Bahati na Idi yanavyoandamwa na tamaa ya mali, na jinsi mwanamke anavyobeba gharama ya udanganyifu ambao hakuuanzisha. Kazi hizi mbili hazilingani kifani, lakini zote mbili zinaikubali hesabu. Anayedanganya anaonekana, na anayelipa anaonekana.

Janice Radway, katika utafiti wake uliotolewa mwaka 1984 juu ya wanawake wa Marekani waliosoma riwaya za mapenzi, alionyesha kwamba kwa wasomaji hao kitendo chenyewe cha kusoma kilikuwa njia ya kujitengea muda ambao waume na watoto hawakuweza kuudai. Tunalikubali jambo hilo, na tunadhani linawahusu pia wanafunzi wetu wanaosoma hadithi hizi simuni usiku baada ya kazi ya mchana. Mtu anayesoma ili apumzike hastahili kudharauliwa. Kinachostahili kuulizwa ni kama kitabu alichopumzika nacho kilimwambia kweli juu ya uchovu wake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uchumba wa bandia katika riwaya za hoki ya barafu ni fani yenye mantiki yake, inayojengwa juu ya mapatano, hadhira na tendo lisilo na shahidi. Tumeonyesha vilevile kwamba chini ya mapenzi kuna suala la kazi: mfanyakazi ambaye sura yake ni mali ya mwingine, na mwanamke ambaye riziki yake imewekwa rehani katika mchezo ambao mwenzake anaweza kuuacha bila hasara. The Deal inafaulu pale inapotutambulisha kwa mwenye fedha anayelazimisha uwongo. Heated Rivalry inafaulu kwa kutoisahau bei hata mara moja. The Fake Out, ambayo mandhari yake ya kazi ndiyo yaliyo kamili zaidi, inauliza swali zuri kuliko zote na kuliacha mlangoni.

Kwa mwandishi wa Kiswahili atakayependa kujaribu fani hii, na hatuoni sababu ya kumkataza, mahali pa kazi hapakosekani: wodi ya hospitali, shamba la chai, ofisi ya chama cha ushirika, chumba cha walimu. Tungemwomba jambo moja. Wapenzi wake wakishasema kweli wao kwa wao, asifunge kitabu. Awapeleke kwanza kwa yule waliyemdanganya, awaache wamwambie kwa midomo yao wenyewe, kisha ampe huyo naye nafasi ya kujibu.